Vidole Visishindane na Vidonge

Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hii twaijua sote. Lakini presha ni maradhi yanayojificha yenyewe: mtu aweza kukaa nayo miaka mingi, anakula, analala, anakwenda kazini, wala haumwi na kitu, hata siku moja apigwe na kiharusi au aambiwe ya kuwa figo zake zimeharibika.

Wako wenzetu, hasa waliotangulia kuiacha shule hii, wanaofuata tiba ya Kichina ya kubonyeza mwili kwa vidole, iitwayo akupresha. Hubonyeza juu ya mguu, katika kibonde kilicho kati ya kidole gumba na cha pili, mahali Wachina wapaitapo Taichong. Au kwenye kiwiko, mwisho wa mkunjo upande wa nje, paitwapo Quchi.

Mimi siwacheki. Bibi Tu Youyou wa China alipata dawa ya malaria katika mmea uliotajwa na vitabu vya kale vya kwao, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini mmea ule haukusadikiwa kwa kuwa ni wa kale. Ulisadikiwa kwa kuwa ulipimwa. Akupresha nayo imejaribiwa, na katika baadhi ya majaribio presha ilishuka. Ila mengi yalikuwa ya watu wachache na ya muda mfupi.

Basi rai yangu ni hii. Apendaye kubonyeza na abonyeze, lakini asiache vidonge alivyopewa na daktari, na amwarifu daktari huyo. Asibonyeze shingo kwa nguvu, maana ndimo ipitamo mishipa ipelekayo damu kwenye ubongo. Wala asiseme, "Najisikia vizuri, nimepona." Ugonjwa usioumiza haupimwi kwa raha. Hupimwa kwa mashine yenye mkanda wa kufungwa mkononi, kama ile aliyoitengeneza Daktari Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896. Ikionyesha 140 juu, au 90 chini, au zaidi, na siku nyingine tena vivyo hivyo, presha imepanda, hata kama mwenyewe anacheka.

Nanyi wanafunzi mnayo kazi. Likizo ijayo waulizeni wazazi wenu walipimwa lini. Kila wapimwapo, andikeni tarakimu katika daftari. Daftari hilo, si maneno yetu, ndilo litakaloonyesha kama presha inashuka.

Kidole kimoja hakivunji chawa; na vidole peke yake haviishindi presha.