Aliyerudi Achinjiwe

Mahubiri ya kondoo aliyepotea hayahitaji maelezo mengi Lodwar. Mfugaji wa Turkana anajua kuhesabu mifugo jioni na kukuta mmoja hayupo: kuna kiu, kuna fisi, kuna ngoroko, wezi wa mifugo. Kinachomshangaza ni hesabu ya Yesu katika Luka 15. Nani mwenye akili timamu ataacha kondoo 99 nyikani amfuate mmoja? Tena akishampata anaita majirani washerehekee, karamu ambayo huenda ikamla kondoo mwingine!

Hapo ndipo utamu wa habari ulipo. Mungu, ambaye Waturkana walimwita Akuj kabla mapadri wa Mtakatifu Patrick hawajafika kutoka Ireland mwaka 1961 wakati wa njaa, anasimuliwa kama mwenye mifugo anayekubali hasara ili afurahi. Toba ya mtu haimpi Mungu nafuu tu. Inampa shangwe.

Wanadamu je? Aliyetubu hupigiwa makofi Jumapili, na Jumatatu watu wanaficha funguo za duka.

Lodwar ina kumbukumbu ya jambo hili. Katika kesi ya Kapenguria, Rawson Macharia alitoa ushahidi kwamba Jomo Kenyatta alisimamia kiapo cha Mau Mau. Mwaka 1958 akaapa upya kwamba alikuwa amesema uongo. Serikali ya kikoloni haikuchinja ndama. Mahakama iliona uongo ni huo wa kukana, ikamfunga. Mwaka huohuo wa hukumu yake, 1959, Kenyatta alitolewa gereza la Lokitaung, akaletwa Lodwar kuishi chini ya vizuizi hadi 1961. Aliyeungama yuko ndani, na yule aliyeponzwa naye hayuko huru.

Kuna mfano mwingine, na huu ni wa wazee wenyewe. Mwaka 1973, huko Lokiriama karibu na mpaka wa Uganda, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, waliokuwa wakiibiana mifugo na kuuana, walipatana na kuzika silaha ardhini. Kila Septemba watu wa pande zote mbili hukusanyika kuukumbuka mkataba huo. Ukiutazama vizuri, ule si mkutano wa watu wasio na hatia. Ni mkusanyiko wa waliokoseana, na bado unafanyika kama sikukuu.

Mtu atauliza: na ng'ombe walioibwa? Swali halali. Furaha isiyogusa deni ni dhihaka kwa mjane ambaye zizi lake lilibaki tupu. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Lakini angalia mpangilio: Yesu alijialika nyumbani kwake kwanza, ahadi ya malipo ikafuata. Umati ndio uliotaka mambo yaende kinyume, ukanung'unika njiani. Makanisa yetu mengi yamesimama na ule umati, yakidai risiti mlangoni.

Kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, Kakuma inaupa mfano wa kondoo aliyepotea uzito mwingine. Kambi hiyo ya wakimbizi ilianza mwaka 1992, ikipokea wavulana waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu. Baada ya Desemba 2013, Sudan Kusini ilipoingia vitani yenyewe kwa yenyewe, Wanuer na Wadinka waliofiwa na ndugu mikononi mwa wenzao walijikuta wakichota maji kambi moja. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mbinguni kunapigwa ngoma kwa sababu muuaji wa kaka yake ametubu si jambo dogo, na mhubiri asilitamke kwa haraka.

Luka hakulitamka kwa haraka pia. Katika mfano wa mwana mpotevu, mwana mkubwa anarudi kutoka shambani, anasikia muziki, anakataa kuingia. Baba anaiacha karamu, anatoka kumbembeleza. Simulizi inakatika hapo, wote wawili wakiwa nje.