Usiniambie Ni Kupaka Rangi Tu

Wasee, leo tuongee kuhusu maski. Sio zile za korona. Zile za picha.

Kama hujawahi kuifanya hii kazi, iko hivi. Unapewa picha, tuseme barabara ya mji fulani huko mbali. Unachukua brashi kwenye skrini, unaongeza au kupunguza saizi yake, halafu unapaka rangi juu ya kila gari mpaka lijae. Ukivuka ukingo, unachukua kifutio. Ukimaliza magari unaenda kwa watu, kisha miti, kisha lami. Nyuma ya hiyo rangi kompyuta inaandika jibu la kila pikseli: hapa ni gari, hapa si gari. Hiyo ndiyo maski. Kwa maski kama hizo mashine inafundishwa kutofautisha mtu na kivuli chake.

Jamaa mmoja hapa Wote alinikuta nikichora akaangua kicheko. "Kwani umerudi nasari? Si hiyo ni kupaka rangi tu?" Nilicheka pia. Lakini usiku nilikaa nikafikiria: hilo neno "tu" ndilo linatumaliza. Kazi hii inalipwa vibaya kwa sababu kila mtu, hata sisi wenyewe tunaoifanya, ameamini ni ya kitoto.

Si kupaka rangi. Ni kuamua.

Chukua mwembe. Uko Makueni, sina haja ya kukueleza mwembe wa Januari unavyokuwa. Upige picha, halafu jaribu kuchora maski ya kila embe. Moja limefunikwa nusu na jani: unachora kipande kinachoonekana peke yake, au unakisia umbo lote? Mawili yamegusana: mpaka uko wapi? Na lile doa jeusi, ni kivuli ama ni inzi wa matunda ameshatoboa? Hapo brashi haikusaidii. Inakusaidia ile miaka uliyotumwa na mwaitu ukachume maembe. Na doa hilo si mchezo. Mwaka 2014 Kenya ilijisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya inzi huyo, na safari zikarudi 2021. Ukichora doa vibaya, mashine itajifunza vibaya, na haitarudi kukuuliza.

Sasa niwape hesabu zangu, bila aibu. Kampuni siitaji. Nilichukua picha 40, kila moja shilingi 15. Moja ilinichukua kama dakika 12, kwa hivyo zote zilikula saa 8. Zikarudishwa 11, sababu imeandikwa "ubora mdogo", basi, hakuna maelezo zaidi. Kusoma maagizo, ambayo yalibadilika katikati ya kazi, na kujaribu kurekebisha zile 11 kulikula saa 3 nyingine. Hazikukubaliwa. Nikalipwa picha 29, shilingi 435. Toa bando ya mia. Inabaki 335 kwa saa 11. Ni kama shilingi 30 kwa saa.

Chapati moja na nusu. Kwa saa. Na mgongo unauma.

Mtu ataniambia, "Wacha kulia, hizo kazi ziko kwa wingi na AI itaanza kujichorea." Sawa, tuongee kuhusu AI kujichorea, maana hiyo stori inapitia hapa hapa Kenya.

Aprili 2023 Meta walitoa kitu kinaitwa Segment Anything. Unabonyeza kitu kwenye picha, maski inajitokeza yenyewe. Walitoa pia mkusanyiko wa picha milioni 11 zenye maski zaidi ya bilioni 1. Dunia ikashangaa. Lakini soma ile ripoti yao mpaka kurasa za nyuma. Imeandikwa waziwazi kwamba wachoraji walikuwa 130, na wote walikuwa Kenya.

Wote! Si nusu.

Mwanzoni hao watu walikuwa wakibonyeza na kurekebisha kwa brashi na kifutio, na maski moja ilichukua wastani wa sekunde 34. Mashine ikawa inajifunza kutoka kwa kazi yao, ikawasaidia zaidi, ikawa sekunde 14. Hatua hiyo ya kwanza peke yake ilitoa maski milioni 4.3. Kisha mashine ikaweza kuchora bila wao. Na zile maski zilizotolewa hadharani? Ni zile zilizochorwa na mashine peke yake. Zile za mkono hazimo. Ukurasa wa kwanza wa ripoti una majina 12 ya watafiti. Wale wa brashi ni namba tu: 130.

Sisemi watafiti hawakufanya kazi. Walifanya, tena kubwa. Ninachosema ni kwamba mashine haikuamka asubuhi ikajua ukingo wa kitu. Ilionyeshwa, na walioionyesha walikuwa hapa. Kwa hivyo mtu akikuambia kazi yako ni rahisi kwa sababu mashine inaiweza, muulize mashine ilifundishwa na nani.

Na hata sasa mashine ikichora, lazima mtu aangalie. Mimi hutumia hiyo ya kubonyeza. Kwa gari iko sawa. Kwa maembe yaliyobanana kwenye majani mara nyingine inameza majani na matunda pamoja, ikaita yote kitu kimoja. Hapo ndipo unahitajika, na sasa si mpakaji tena, ni mkaguzi. Mkaguzi halipwi chapati.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Tulipwe kwa saa, na saa za kusoma maagizo na kurekebisha zihesabiwe. Kazi ikirudishwa, tuonyeshwe kosa liko pikseli gani. Na ukimaliza upewe karatasi inayosema ulifanya nini, uweze kuionyesha kwingine. Remotasks iliondoka Kenya Machi 2024. Jukwaa likiondoka, ujuzi wako usiondoke nalo.

Nawe ndugu yangu, kabla hujakubali kazi yoyote, chora picha 10 ukijipima kwa saa ya simu. Piga hesabu ukitoa bando. Ikitoka chapati, kataa. Na ukiwa na muda, pakua programu ya bure kama CVAT ama Label Studio, chora vitu vya kwetu: maembe, ndengu, boda yenye mitungi minne ya maji. Watu wanaojua ukingo wa vitu hivyo wako hapa, si kwingine.

Nilimweleza susu haya yote. Yeye amesuka viondo tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Akanisikiliza, mkonge ukiwa mkononi, kisha akauliza, "Kwa hivyo unasuka, lakini kiondo chenyewe hukioni?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na bei anaitaja nani?"

"Mnunuzi, susu."

Akatingisha kichwa. "Mimi hata mzungu akija sokoni, bei naitaja mimi kwanza. Akikataa, kiondo narudi nacho."

Hiyo ndiyo shule ambayo sikusomea kwa kompyuta. Leo usiku, kabla hujabonyeza "kubali", piga hesabu: saa yako ni pesa ngapi?