Kompyuta mbili za madrasa na sahani za vijana wetu

 

Ndugu Waislamu, katika likizo ya Desemba iliyopita kamati yetu iliwakusanya vijana wa miaka 13 hadi 18 kutoka Musoma, Bunda na Butiama kwa mafunzo ya siku 12. Asubuhi walisoma tajwidi, fiqhi na akhlaki. Baada ya swala ya Adhuhuri waliingia katika chumba chenye kompyuta mbili tulizopewa na muumini mmoja. Baadhi ya wazee wetu hawakuridhia. Walihofia kwamba vijana wangefunguliwa milango ya mambo wasiyopaswa kuyaona. Hofu yao ilikuwa na msingi, nasi tuliipokea kwa heshima. Tukakubaliana kompyuta zisiunganishwe na intaneti, na wasichana wawe na zamu yao chini ya ustaadhat. Ukabaki mjadala wa nini kifundishwe. Tukachagua chakula.

Tulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ya dini. Katika Surat Abasa, aya ya 24, mwanadamu anaelekezwa akitazame chakula chake, na katika Surat al-A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa kupita kiasi. Ya pili ni hali ya afya ya mabinti zetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa wanawake 42 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Binti anapobalehe huanza kupoteza damu kila mwezi, na wakati huohuo mwili wake unahitaji madini ya chuma zaidi ili ukue. Akisinzia darasani tunamwita mvivu, kumbe huenda damu yake ni pungufu.

Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Kila kijana alipewa namba, na orodha ya majina akabaki nayo ustaadh mmoja tu. Kila siku kijana alifungua jedwali katika kompyuta na kuandika alichokula jana yake tangu alipoamka hadi alipolala. Safu zilikuwa sita, kwa kufuata makundi ya mwongozo wa kitaifa wa chakula: nafaka, mizizi na ndizi, mboga, matunda, jamii ya kunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, na mafuta. Aliyekula kitu cha kundi fulani aliandika 1, asiyekula aliandika 0, na kompyuta ikajumlisha yenyewe. Wakubwa walikwenda mbele zaidi. Walipewa nakala ya majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, wakapima vyakula kwa mizani ya duka na kukokotoa protini na madini ya chuma.

Jambo la kwanza lililojitokeza lilikuwa safu ya matunda, ambayo ilijaa sifuri katika msimu wa maembe. La pili lilihusu dagaa. Vijana wa Musoma, wanaolala wakisikia mawimbi ya Ziwa Victoria, walisema dagaa ni chakula cha wasio na uwezo. Walipoweka dagaa na chipsi katika jedwali moja walinyamaza. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo humpa mlaji protini, chuma na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Minofu ya sangara wetu husafirishwa hadi Ulaya, na dagaa wengi hununuliwa wakawe chakula cha kuku. Itakuwa ajabu kuku washibe kile ambacho watoto wetu wanakionea haya.

Jambo la tatu lilitugusa sisi wenyewe. Kila siku saa kumi tuliwapa vijana soda na andazi, tukidhani ni ukarimu. Siku ya nne kijana mmoja alinyoosha mkono, akauliza kwa adabu: "Ustaadh, samahani, hii soda tunayopewa na kamati tuiandike katika kundi lipi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Soda ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 hivi, ilhali Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku nzima. Kesho yake tulileta uji wa ulezi na maembe, na gharama haikuongezeka.

La nne ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Namba moja ilionesha kwa siku tatu mfululizo chai ya rangi na ugali wa usiku, basi. Mmoja wetu alikuwa tayari kuuonesha mstari ule mbele ya darasa kama mfano wa ulaji mbaya. Alhamdulillahi, ustaadh mwenye orodha alimzuia, akazungumza na kijana faraghani. Kijana yule aliyajua makundi sita barabara. Nyumbani kwao hapakuwa na chakula. Zaidi ya hayo hatutasema, maana sitara ni wajibu. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa imani ya mtu haijatimia iwapo yeye ameshiba na jirani yake ana njaa, nasi tulikuwa tumeswali bega kwa bega na njaa ile bila kuijua. Kamati imetenga sehemu ya sadaka ya kila Ijumaa kwa ajili ya unga, maharage na dagaa, na hupelekwa usiku.

Kwa wazazi tunasema haya. Wekeni dagaa, maharage au yai pamoja na matembele au mchicha. Mwekeeni kijana tunda au limau, kwani husaidia mwili kufyonza chuma cha mboga. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa hukizuia chuma hicho; isubiri saa moja hivi. Binti anayechoka bila sababu apelekwe zahanati apimwe damu.

Na kwa kamati nyingine tunasema: kompyuta moja yatosha, hata daftari lenye mistari sita latosha. Lakini kabla ya kuanza, mteueni mtu mwaminifu wa kutunza orodha ya majina, na mkubaliane mtafanya nini siku mstari wa mtoto mmoja utakapobaki na sifuri.

Wabillahi tawfiq.