Mwache mtoto amlalamikie Mungu

Wazazi wenzangu, ibada ya nyumbani ikigeuka kuwa zamu ya mtoto kusoma haraka haraka ili chakula kipakuliwe, tusimlaumu. Huenda tumempa maneno ya Biblia bila kumpa nafasi ya kuleta yake.

Zaburi zote 150 ni nyimbo na maombi. Zina shukrani, na pia zina hofu, hasira na machozi. Katika Zaburi ya 13 mwombaji anamuuliza Mungu mara nne dhiki yake itaendelea mpaka lini. Hakuna anayemkemea. Anasema yote, na kufikia mstari wa 6, ambao ni wa mwisho, anaimba.

Mtoto wa Kwai naye ana yake moyoni. Amemwona baba akirudi kimya kwa sababu kabichi zimekosa bei. Amemzika babu. Tukimfundisha kushukuru tu, atajifunza kuyaficha mengine, kwetu na kwa Mungu.

Jaribuni Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mmoja unaishia kwa kiitikio kilekile. Mzazi asome mwanzo wa mstari, watoto waitikie, hata wasiojua kusoma. Kisha kila mmoja aongeze mstari wake: mvua iliyonyesha, mdogo wake aliyepona. Wote waitikie.

Siku ya huzuni someni ya 13, halafu kila mtu aseme kwa maneno yake jambo analotaka Mungu alimalize. Bibi aseme kwa Kishambaa. Mzazi asisahihishe wala asihubiri. Aitikie "Amina" tu.

Je, ni halali kuongeza maneno yetu? Karne ya 16 Martin Luther aliichukua Zaburi ya 46 akatunga kwa Kijerumani wimbo wa Mungu aliye ngome, ili watu wa kawaida waimbe kwa lugha yao. Wamisionari wa Bethel waliofika Mlalo mwaka 1891 walitoka Ujerumani, kwenye mapokeo hayo ya uimbaji, na wimbo ule ungali unaimbwa makanisani.

Angalizo moja. Mtoto akitaja jambo zito, labda kuna mtu anayemwogopa au anayempiga, msiishie kwenye "Amina". Ibada ikiisha, mchukue pembeni, msikilize, na uchukue hatua. Amethubutu kusema kwa sababu amekuamini.