Skana Si ya Vyeti Tu

Hapa Tarime na Serengeti skana tunaijua kwa kunakili vyeti. Sisi walimu tunaona ifundishe sanaa pia. Panga juu ya kioo jani la kahawa, ua la mgunga na punje za ulezi, kisha funika kwa kitambaa cheusi. Kilichogusa kioo hutoka wazi, kilichoinuka hufifia. Mwaka 1843 Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa kitabu cha picha za mwani bila kamera, kwa karatasi yenye dawa na mwanga wa jua. Wazazi wengine huchelea picha za viumbe vyenye roho. Jani halina roho, na anayelipanga hujifunza kulitazama. Basi tuwaruhusu watoto wajaribu.