Maoni: Ahadi si pesa, watengeneza programu wajifunze kusubiri jibu

Fikiria mama muuza ndagala hapa Nyakabere. Mteja analipa kwa simu, skrini yake inaandika "Malipo yamefanikiwa", samaki wanaondoka. Jioni mama anatazama salio lake: hakuna kitu. Wote wanalaumu mtandao. Kwa maoni yangu, mara nyingine kosa ni la aliyeandika programu.

Programu nyingi za tovuti na simu huandikwa kwa JavaScript. Katika lugha hiyo, kazi inayotuma ombi mtandaoni hairudishi jibu papo hapo. Inarudisha promisi, yaani ahadi kwamba jibu litakuja. Ahadi hiyo ama inasubiri, ama imetimizwa, ama imekataliwa. Utaratibu huu uliingizwa rasmi mwaka 2015. Mwaka 2017 likaongezwa neno "await", linaloiambia kazi ingoje jibu kabla ya kwenda mstari unaofuata.

Hatari iko hapa. Mwandishi akisahau "await" kisha akauliza, "Je, amelipa?", JavaScript inajibu ndiyo. Amepima ahadi badala ya jibu, na katika lugha hiyo ahadi yoyote huhesabiwa kuwa kweli, hata itakayokataliwa baadaye. Wala kungoja mahali pamoja hakutoshi: kazi yenye "await" ndani yake nayo inarudisha ahadi, kwa hiyo anayeiita lazima angoje vilevile.

Mtandao ukiwa mzuri, malipo mengi hupita na kosa linajificha. Huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mtandao hukatika, ndipo linapomwumiza mtu.

Wengine watasema mteja hapendi kungojeshwa. Ni kweli. Lakini kumwandikia "Tunasubiri jibu" ni heshima kuliko kumdanganya. Na muda ukipita bila jibu, programu isikimbilie kusema malipo yameshindwa, maana huenda pesa zimeshatoka. Iulize kwanza kwa namba ya muamala, mtu asije akalipa mara mbili.

Vijana wetu wa Uvira wanaojifunza kazi hii wafundishwe jambo hili mapema, na wajaribu programu zao mtandao ukiwa umekatwa. Nanyi akina mama wa sokoni, msitoe mali kwa kuonyeshwa skrini ya mteja. Tazameni salio lenu wenyewe kwanza.