Mbwa Aitwaye kwa Wema Huja



Jioni moja mwaka jana nilitoka na mbwa wangu, Simba, kwenda dukani kununua mkate. Tulipokaribia barabara kuu kamba ilikatika, naye akatimua mbio kumfuata mbuzi. Lori lilikuwa likiteremka mlima. Nikamwita kwa sauti yangu yote. Simba akasimama katikati ya barabara, akanitazama, akalaza masikio, wala hakuja. Dereva akafunga breki, lori likasimama hatua chache tu kutoka kwake. Alinitukana, na matusi yale niliyastahili.

Nilipofika nyumbani nikashika ufito. Mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, akija unampiga, asipokuja unampiga. Mnyama huyu afanye lipi?"

Sikuwa na jibu. Kwa miezi mingi, kila Simba alipochelewa kuitika, nilimngoja afike, kisha nikamchapa kwa kuchelewa. Nilidhani ninamfundisha utii, kumbe yeye alijifunza kwamba neno "Njoo" maana yake ni fimbo.

Aibu yangu ilizidi kwa sababu nina cheti cha ualimu. Chuoni tulisoma habari za Mmarekani Edward Thorndike, ambaye mwaka 1898 alitangaza majaribio yake ya paka waliofungiwa ndani ya masanduku. Paka aliyepata kuufungua mlango alitoka akala chakula, na kadiri alivyorudishwa sandukuni ndivyo alivyotoka upesi zaidi. Kanuni yake ni nyepesi: tendo linalofuatwa na jambo jema hurudiwa. Niliijibia mtihani, kisha nikaiacha darasani.

Basi nilianza upya, na hivi ndivyo ninavyowashauri wenzangu.

Kwanza, mtembeze mbwa kabla hajala. Chukua dagaa wasio na chumvi, au maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje ya mahindi. Kamba iwe imara, yenye urefu wa kama mita mbili. Anapotembea kando yako na kamba imelegea, sema "Vema!" papo hapo, kisha umpe kipande karibu na goti lako. Ukikawia, atakuwa amekwisha kufanya jambo jingine, nawe utalipa usilolitaka. Akivuta, simama kimya kama mti. Kamba ikilegea, endeleeni na safari. Siku ya kwanza tulitumia nusu saa kutoka mlangoni hadi bombani, na watoto wa jirani walitucheka sana. Juma la tatu tulifika dukani kwa amani.

Pili, mfundishe kuitika. Kwa kuwa neno "Njoo" nilikuwa nimeliharibu, nilichagua jipya: "Hapa." Tulianza ndani ya ua, hatua mbili tu kati yetu, na kila alipofika alipata dagaa. Ongeza umbali kidogo kidogo, kisha ufanye hivyo matembezini kwa kamba ndefu. Mwite, mpe, umwache aendelee kunusa, asije akadhani kwamba kuitwa ndio mwisho wa raha. Usimwite kamwe ili umwadhibu. Ukitaka kumfungia, mwendee wewe.

Tatu, viko vishawishi: mbuzi, kuku na pikipiki. Simama mbali, mahali ambapo mbwa anaviona lakini bado anakubali kula. Akikugeukia, mpe. Akikataa hata maini, mko karibu mno, rudini nyuma. Akishazoea, punguza chakula: mara hii mpe, mara nyingine msifu tu. Asiyejua tuzo itakuja lini huzidi kujitahidi.

Najua baadhi ya askari watasema kwamba huku ni kudekeza. Watazame Morogoro, Tanzania, ambako shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, huwafunza panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya akiitambua harufu husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula kama ndizi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipukaji zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza. Kazi ile, ambayo uhai wa watu huitegemea, ilifundishwa kwa ndizi.

Watu wote wa nyumbani na watumie maneno yale yale, na watoto wadogo wasiachwe peke yao na mbwa. Kumbukeni pia kwamba mbwa aliyezoea kipigo huogopa mkono, na mbwa mwenye hofu huuma upesi. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kama mganga wa mifugo atakavyoelekeza. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwezi uliopita mbuzi alitukatia njia tena, mahali pale pale. Simba aliruka, kamba ikaniponyoka mkononi. Nikaita, "Hapa!" Aligeuka kabla hajaikanyaga lami, akaja mbio hadi gotini pangu. Mfukoni mlikuwa na dagaa mmoja tu, nikampa.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhifadhi maharage yasiliwe na wadudu.